Mgombea Mwenza Niliyemfuta Kazi

Akinyi na Musyoka, mafundi wangu, mlinisumbua muda mrefu kwamba nikistaafu niandike ninayoyajua kuhusu kazi yetu ya mabango, nisije nikayabeba kaburini. Sasa nimestaafu. Macho hayanionyeshi tena tofauti ya nyeusi na buluu iliyokolea, na magoti yamekataa ngazi, kwa hiyo nina wakati wa kuandika. Lakini nawaonya mapema kwamba kuna sehemu hamtaipenda. Mimi naichukia kuliko nyinyi.

Niliingia karakana ya mabango ya mtaa wa Mowlem nikiwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka Murang'a na barua ya mjomba mfukoni. Mwenye karakana alikuwa Mzee Mutiso, Mkamba aliyekuwa akichonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii, mpaka siku aliposema amechoka kuchonga wanyama ambao hajawahi kuwaona. Barua hakuisoma. Alinipa kitambaa, mkebe wa tapentaini na brashi kumi na nne, akaniambia nizioshe. Nilipomaliza alizinusa moja moja, akanirudishia zote.

"Bado zinanuka rangi," akasema. "Brashi safi hainuki kitu."

Wiki mbili nilifanya kazi hiyo. Sikuandika hata nukta.

Wiki ya tatu alinionyesha uzi wa chaki: unaufunga msumari huku, unauvuta kule, unaubana katikati kwa vidole na kuuachilia, na ukuta unapata mstari ulionyooka kuliko maisha ya mtu yeyote ninayemjua. Alinifundisha kwamba hatuanzi na herufi ya kwanza. Tunaanza na ya katikati, tunaenda kushoto, kisha kulia. W inakula nafasi ya watu wawili, na I inasimama kando kama mgeni asiyejulikana kaja kwa nani. Nilimsikiliza, halafu siku ya kwanza ya kutumwa peke yangu nikaanza na herufi ya kwanza. Ilikuwa duka la kinyozi kule mtaa wa Umoja, na neno lilikuwa KINYOZI. Nilifika Z nikakuta mlango umeisha, ikanibidi I niiandike kwenye fremu. Kila mlango ulipofunguliwa, I ilibaki nyuma peke yake. Mzee Mutiso alinipeleka nikaione kila Jumamosi kwa mwezi mzima. Tulikuwa tunaitazama, kisha tunarudi.

Wanza alikuja mwaka wangu wa sita. Alikuwa akiishi mtaa wa Tena kwa shangazi yake, na siku hiyo alitumwa kuchukua bango la saluni ya huyo shangazi. Liliandikwa SALUNI SAFI. Alilitazama mbele, akalitazama kutoka upande, kisha akamwambia Mzee Mutiso kwa heshima zote kwamba S mbili za pale hazikuzaliwa nyumba moja. Moja imeshiba na nyingine ina njaa. S hizo nilikuwa nimeziandika mimi.

"Basi andika yako," Mzee akamwambia, akampa brashi.

Akaandika S kwa mvuto mmoja, bila chaki, kwenye kipande cha mbao. Mzee Mutiso aliinama akaitazama kwa muda. Kisha akaniambia nihamishe vitu vyangu, nimpishe kwenye meza ya dirishani.

Sitawadanganya. Sikupenda. Nimelelewa na watu wa kanisa, na kwetu kila mtu alikuwa na mahali pake. Mwanamke aliyevaa suruali na kupanda ngazi barabarani hakuwa mahali pake. Nilimwambia Mzee hivyo. Akajibu kwamba ngazi haijawahi kulalamika. Basi tukafanya kazi pamoja, mimi na Wanza, miaka mingi: maduka ya Komarock, vibanda vya mboga, lori za mchanga, shule tatu za chekechea ambapo alichora sungura na mimi nikaandika kanuni. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alicheka haraka. Mama yangu alipofariki, nilitaka kuandika jina lake msalabani mwenyewe. Nikafika herufi ya pili, mkono ukakataa. Wanza alinitoa brashi vidoleni taratibu, akaniambia, "Kaa chini, Baba Wambui," akaliandika lote huku nikimtazama. Msalaba ule bado upo. Mvua haijaufuta.

Aliolewa na mwinjilisti wa kanisa letu, Festus, mtu mwenye sauti ya kujaza ukumbi bila kipaza sauti. Nilisimama arusini. Niliona amepata mahali pake, nikafurahi, na nadhani nilifurahia zaidi kwamba nilikuwa sahihi.

Jumatatu moja alikuja kazini mkono wa kulia umefungwa bendeji, vidole viwili vimeshikizwa na kijiti. Alisema ameanguka kwenye ngazi za ploti walikopanga. Mzee Mutiso akazima redio. Akamwita nyuma, wakazungumza Kikamba kwa muda mrefu, na sauti ya Mzee ikapanda mara moja tu. Alipotoka alinijia moja kwa moja.

"Njoroge, yule mtu wenu wa kuhubiri amembana vidole kwa mlango. Makusudi. Amevunja vidole vya fundi wangu."

Nikasema, "Mzee, hayo ni mambo ya nyumba ya watu."

Alinitazama kama alivyokuwa akiitazama ile I ya kinyozi. "Nimekuambia," akasema, "ili tuwe wawili tunaojua."

Wanza aliandika kwa mkono wa kushoto mpaka vidole vikapona. Herufi zake za kushoto zilikuwa nzuri kuliko zangu za kulia. Mimi sikumuuliza kitu, naye hakuniambia.

Mwaka huo huo Mzee Mutiso alifariki, ghafla, akiwa amekaa kwenye kiti chake anakunywa chai. Watoto wake hawakutaka kazi ya rangi, wakaniachia karakana niendeshe. Nilikuwa nimeshafanywa mzee wa kanisa wakati huo, na kazi yetu kubwa ilitoka makanisani: majina juu ya milango, mistari ya Biblia kwenye kuta, mabango ya mikutano. Miezi michache baadaye Wanza alimwacha mumewe. Alimchukua binti yake, akapanga chumba Komarock. Festus alisimama madhabahuni akaomba kanisa limwombee kwa sababu nyumba yake imeshambuliwa na adui. Watu walilia. Mimi niliinamisha kichwa pamoja nao, na nilijua.

Wazee watatu walikuja karakana siku ya Jumatano. Walikuwa wapole. Walisema hawamhukumu mtu, ila waumini wanauliza inakuwaje mkono ulioivunja nyumba ndio unaandika Neno kwenye kuta za kanisa. Waliniachia nifikirie. Nilifikiria mpaka saa nane mchana.

"Wanza," nikamwambia, "unajua hali ya kazi. Makanisa yanalalamika."

Alikuwa juu ya ngazi, anamalizia bango la duka la dawa. Hakushuka. "Yanalalamika nini, Baba Wambui?"

"Umeacha nyumba yako."

"Na wewe unajua kwa nini."

Akamalizia herufi aliyokuwa nayo, akashuka, akaosha brashi zake zote, akazipanga kwa ukubwa. Aliponipita mlangoni alisema, "Mzee angekuuliza kitu. Mimi sikuulizi." Akaenda. Niliwaambia watu kwamba ameachishwa kazi kwa sababu ya mwenendo, na maneno hayo nikayaandika kwenye daftari la wafanyakazi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Nyinyi wawili mlikuja miaka mingi baadaye, mkakuta kazi imebadilika. Mabango ya plastiki ya mashine yameingia, na fundi wa brashi anaitwa tu pale ukuta ulipo mkubwa au mteja alipo na haraka. Kilichotuweka hai ni siasa. Kila uchaguzi, kuta zote za Kangundo Road zinapata majina mapya, na majina ya ukutani hayang'olewi na wapinzani kama ya karatasi. Tuliwaandikia watu wa kila chama. Mzee Mutiso alikuwa amesema rangi haina chama, na mimi niliishika kanuni hiyo, isipokuwa kwa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Mwalimu Kamunya. Aligombea ugavana mara mbili na mara zote mbili nilimpigia kura kwa moyo wangu wote. Kwa nini? Niwaambie, maana vijana mnadhani sisi wazee tunafuata kabila tu. Kamunya hakutukana mtu jukwaani. Alikuwa na mke mmoja, tunamjua. Alisema atafunga baa zilizo karibu na shule na vibanda vya kamari vilivyomaliza vijana wetu wa Mowlem, na mimi nimezika wawili wa jamaa zangu kwa sababu ya pombe. Naamini nyumba ikivunjika mtaa unavunjika, na mtaa ukivunjika hakuna gavana atakayeuziba. Bado naamini hivyo. Sijabadilika katika hilo, na msitafute mahali katika maandishi haya nilipobadilika.

Mara ya tatu aliposimama, sote tulijua mgombea mwenza atakuwa Mwalimu mkuu Gitau, mwenyekiti wa wanaume kanisani kwetu, mtu mzima aliyeheshimika. Nilikuwa na hakika kiasi kwamba nilishakata stensili: KAMUNYA NA GITAU. Mnaikumbuka. Musyoka, ulisema nimemtangulia Mungu.

Tulisikia kwenye redio, sote watatu, tukiwa tunachanganya kijani. Mtangazaji alisema Mwalimu Kamunya amewashangaza wengi kwa kumchagua mwakilishi wadi kutoka Komarock, mwanamke aliyejulikana kwa kulipigania soko la akina mama na kwa maneno yake makali kuhusu wanaume wanaopiga wake zao. Kisha akataja jina.

Akinyi, ulisema, "Wanza! Huyo ni moto, Mzee. Si watu husema alikuwa anachora hapa kitambo?"

"Alikuwa hapa," nikasema.

"Aisee! Na ulikuwa unamjua?"

Nikakuambia ukoroge rangi isigande.

Sikulala vizuri siku zile. Niliona Kamunya ametuuza. Alitaka kura za vijana na za wanawake, na sisi tuliokuwa naye wakati hana mtu akatuhesabu kuwa tayari tumo mfukoni. Nilijiuliza, kama mtu anahubiri nyumba imara, anawezaje kumsimamisha kando yake mwanamke aliyeiacha yake? Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na wengi kanisani walifikiri vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wao walifikiri hivyo kwa kutojua. Mimi kila nilipofika mwisho wa hoja yangu, nilikuta vile vidole viwili vimefungwa kwenye kijiti, ikabidi nianze tena kutoka mwanzo.

Kijana wa kampeni alikuja siku ya pili, miwani ya jua kichwani. "Niaje, Mzee. Jina ndilo hilo. Herufi tano tu, utamaliza chapchap."

Nikaliandika. Kazi ni kazi. Ukuta wa kwanza ulikuwa hapa hapa Mowlem, karibu na mashine ya kusaga unga. Nilikuwa nimefika kwenye Z wakati msafara wao ulipopita, magari manne na vuvuzela. Gari la pili likasimama. Akashuka mwanamke mnene kidogo, amefunga kilemba cha kijani, walinzi wawili nyuma yake. Akasimama chini ya ngazi yangu.

"Z yako bado inaegemea, Baba Wambui."

Nilishuka. Nilikuwa na rangi mikononi, kwa hiyo hatukusalimiana kwa mkono, na nilishukuru kwa hilo.

"Hongera, Mheshimiwa," nikasema.

"Mimi ni Wanza. Mama Wambui hajambo?"

"Hajambo."

Alitazama jina lake ukutani, herufi tatu kamili na moja nusu. Nilimwona akijizuia asichukue brashi. Kisha akaniuliza, bila kugeuka, "Utatupigia kura?"

"Sijui," nikasema.

"Asante." Akacheka, ule mcheko wake wa haraka. "Tangu asubuhi wewe ndiye wa kwanza kuniambia ukweli." Akarudi garini.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wazee walinishikilia ofisini. Gitau mwenyewe hakuwepo. Alikuwa mtu wa adabu na nadhani hakutaka kuonekana. Walikuwa wameandika barua kwa Kamunya, kumshauri kama kanisa abadilishe mgombea mwenza kabla majina hayajapelekwa kwa tume. Walitaka iwe na ushahidi.

"Wewe ndiye uliyemfuta kazi," katibu akasema. "Hatukuombi useme uongo. Tumeandika tu kile kilichomo kwenye daftari lako."

Nikasoma. Iliandikwa kwamba mama huyo aliacha ndoa takatifu bila sababu iliyowahi kuletwa mbele ya kanisa, na kwamba mwajiri wake, mzee wa kanisa hili, alimwachisha kazi kwa sababu ya mwenendo. Kila neno lilikuwa kweli. Hakukuwa na sababu iliyowahi kuletwa mbele ya kanisa, maana, ukimwacha Festus mwenyewe, waliokuwa wanaijua ni watu watatu: mmoja ndiye aliyeumizwa, mwingine alikuwa kaburini, na wa tatu alikuwa amekaa pale anatafuta miwani yake.

Ningeweza kusema. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu siku hiyo na si mengi, hayajazi hata mlango wa kibanda: Festus alimvunja vidole, mimi nilijua. Lakini ningesema hivyo, swali la pili lingekuwa kwa nini nilimfuta kazi. Nikatia sahihi.

Kamunya hakumbadilisha. Labda ilikuwa ni ukaidi, labda muda ulikuwa umekwisha. Lakini barua ilitoka. Sijui ni nani aliyeipiga picha. Ndani ya siku mbili ilikuwa kwenye simu ya kila mtu kuanzia Tena mpaka Komarock, jina langu chini. Na kama mnavyojua, maneno hayatembei bila kunenepa. "Mwenendo" likawa wizi wa rangi. Kisha likawa wanaume. Kisha watu wakasema binti yake hakuwa wa Festus. Mtu alipita usiku akachora matusi juu ya jina lake kwenye ule ukuta wa mashine ya unga, na asubuhi tuliambiwa twende tukarekebishe. Akinyi, wewe ulikataa kuongea nami siku nzima. Ulikuwa na haki. Ulipofungua mdomo jioni ulisema, "Mzee, hiyo barua ni ya ukweli?"

Nikasema, "Kila neno ni kweli."

Ukaniambia, "Mimi sijauliza hivyo."

Walianza kumweka nyuma. Picha zake zikapunguzwa kwenye mabango, kijana wa kampeni akatuambia kuta mpya ziandikwe KAMUNYA peke yake, kwa herufi kubwa. Nilifurahi? Nilitegemea kufurahi. Nilikuwa kama mtu aliyeshinda kesi kisha akaanza kuogopa hakimu atamtazama.

Siku ya kura nilipanga foleni alfajiri katika shule ya msingi, na mke wangu, Mama Wambui, nyuma yangu. Karatasi ya gavana ina majina mawili na kisanduku kimoja. Huwezi kumchukua mmoja ukamwacha mwenzake. Nilisimama nayo kwa muda mrefu mpaka karani akakohoa. Wapinzani wa Kamunya walikuwa watu ambao singewapa funguo za choo. Kwa Kamunya nilikuwa na kinyongo. Na lile jina la pili sikuweza kuliwekea alama, si kwa sababu ya maisha yake tena, bali kwa sababu sikuwa na uso wa kufanya hivyo. Kumpigia kura gizani mtu niliyemtia matope mchana, niliona ni unafiki wa mwisho. Nikaikunja karatasi ikiwa tupu, nikaitumbukiza. Ndiyo kura pekee ambayo sikupiga tangu nipate kitambulisho.

Walishindwa. Hawakushindwa kwa kura moja, msidhani hivyo. Karatasi yangu haikuamua kitu. Wiki chache baadaye Kamunya alikuja kanisani kwetu kutoa shukrani. Alisimama mbele akasema kwa ile sauti yake ya mwalimu kwamba alishauriwa vibaya, kwamba alisahau watu wake, na kwamba mwenzake alikuja na mizigo ambayo hakuambiwa. Watu wakapiga makofi. Ndipo nilipomwona yule niliyemwamini miaka yote alivyo: mtu aliyehitaji mgongo wa mwanamke ubebe kushindwa kwake. Nikatafuta hasira ya kutosha, nikakuta siwezi kuipata, kwa kuwa alichokifanya nilikuwa nimekifanya kabla yake, katika karakana, saa nane mchana.

Nilienda Komarock. Nilimkuta Wanza anafua, kilemba hakipo, mvi zimeonekana. Alinipa kiti uani na chai, kwa sababu alilelewa vizuri. Nilimwambia kila kitu: siku ya bendeji, maneno ya Mzee Mutiso, daftari, barua, na karatasi tupu. Nikamwomba msamaha. Aliendelea kukamua shati mpaka likaacha kutoa maji.

"Unajua kilichoniuma?" akasema. "Si kura. Kura watu hushindwa. Kila nilipoulizwa jukwaani kuhusu ile barua, nilikuwa najiambia, Baba Wambui anajua. Atachoka kunyamaza, atakuja. Hata siku ya mwisho, nikasema labda leo."

"Nimekuja, Wanza."

"Umekuja kwangu. Mimi nilikuwa najua." Akatundika shati kwenye kamba. "Nenda ukaseme kule mlikoyasemea. Halafu usirudi kuniambia ulivyosema. Sitaki kuja kukushukuru."

Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikumwomba mara ya pili. Nilimaliza chai nikaondoka.

Jumapili, wakati wa matangazo, nilisimama. Sikuwa kwenye orodha. Katibu alifikiri nina tangazo la mazishi, akanipa kipaza sauti. Niliwaambia kwamba ile barua yenye jina langu ilikuwa na maneno ya kweli na ilikuwa ya uongo. Nikasema Wanza aliondoka kwa mumewe baada ya kuvunjwa vidole kwa mlango, kwamba niliambiwa siku ile ile, na kwamba nilimfuta kazi nikiwa najua. Festus alikuwa amekaa mstari wa mbele na wahubiri wenzake. Hakugeuka. Nilitegemea kelele, mtu anikatize, anifukuze. Hakukuwa na lolote. Mchungaji alitazama saa, akasema Bwana atusaidie sote, na akataja namba ya wimbo.

Nilibaki nimesimama na kipaza sauti ambacho hakuna aliyekuja kukichukua. Kutoka pale niliona upande wa wanawake wote. Rahabu, mke ambaye Festus alimwoa baada ya Wanza, alikuwa amekaa mwisho wa benchi, binti mdogo kwa umri, mkimya, hata jina lake wengi kanisani walikuwa wanalikosea. Wengine walikuwa wanafungua vitabu vya nyimbo. Yeye alikuwa ananitazama. Siku hiyo kulikuwa na joto la paa la bati, kila mtu anajipepea, lakini yeye alikuwa na sweta, na nilipokutana na macho yake alivuta mikono ya sweta taratibu mpaka ikafunika vidole.

Ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimenyamaza juu ya watu wawili.

Kanisa lilikuwa limeshaanza ubeti wa kwanza. Mama Wambui aliniangalia, kisha akafuata nilikokuwa naangalia. Hatujawahi kulizungumza, si siku ile wala baadaye. Alifunga kitabu chake, akanyanyuka katikati ya wimbo, akapita mbele ya magoti ya watu waliokuwa wanamkunjia uso, akaenda mpaka mwisho wa benchi, akaketi kando ya Rahabu. Akamshika mkono, juu ya sweta, akaendelea kuimba.